Mzee Gray na Seli Zilizokosa Pumzi

Kama umewahi kukaa kwenye mtihani wa fizikia ya nyuklia, basi jina lake umeshaliandika. Uliandika herufi mbili tu, Gy, ukahakikisha zimekaa mbele ya jibu maana bila hizo mwalimu anakata nusu maksi, kisha ukakimbilia swali linalofuata. Grei moja ni jouli moja ya nishati ya mionzi iliyomezwa na kilo moja ya kitu chochote kile: maji, chuma, nyama ya mtu. Tunaikariri hivyo, tunaidesa hivyo, tunafaulu hivyo. Newton tunamjua na tunda lake, Marie Curie tunamjua, hata Becquerel utapata mtu wa kukwambia mawili matatu. Gray je? Nimeuliza darasani kwetu, mwaka wa tatu, watu zaidi ya thelathini. Mmoja akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni rangi ya kijivu.

Louis Harold Gray, ambaye rafiki zake walimwita Hal, alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1905, mtoto wa pekee katika nyumba isiyo na fedha. Alikuwa na akili darasani, na hizo ndizo zilizomtoa. Alipata ufadhili wa kusoma Christ's Hospital, na jina lisikuchanganye, si hospitali bali ni shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini. Kutoka hapo akapata ufadhili mwingine, safari hii Trinity College, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wanaoamka saa kumi usiku kuangalia kama bumu limeingia watamwelewa bila maelezo.

Baada ya shahada ya kwanza aliingia maabara ya Cavendish, chini ya Ernest Rutherford mwenyewe. Kwa mtu wa fizikia miaka ile, kuwa Cavendish ni sawa na kijana wa ndondo kuamka asubuhi akajikuta amesajiliwa Real Madrid. Mwaka 1932 peke yake, ndani ya maabara hiyohiyo, James Chadwick aligundua nyutroni, na Cockcroft na Walton wakapasua kiini cha atomu kwa mashine waliyoijenga wenyewe. Gray alikuwa anachunguza jinsi mionzi ya gama inavyomezwa inapopita kwenye vitu mbalimbali, na kazi yake ilikuwa nzuri. Angeweza kukaa pale mpaka uzeeni.

Mwaka 1933 akaaga. Akaenda kufanya kazi Hospitali ya Mount Vernon, Northwood, pembezoni mwa London, mahali ambapo wagonjwa wa saratani walitibiwa kwa radiamu na eksirei.

Hapo ndipo mtu huyu aliponishika mimi. Baba yangu aliposikia nafikiria kusomea fizikia ya tiba baada ya hapa, aliniuliza kama siku hizi hospitali zinaajiri watu wa kuangalia nyaya. Kwa baba, fizikia ni gesi, ni bandari, ni treni ya mwendokasi, mahali penye posho ya safari. Simlaumu, ada kalipa yeye. Lakini najua kuna mtu aliyewahi kuondoka kwenye maabara iliyokuwa inang'ara kuliko zote duniani akaenda kujifungia kwenye hospitali ya saratani, na hakupotea.

Sasa, alikuta nini huko? Alikuta fujo ya vipimo. Madaktari walikuwa wanaunguza saratani bila kujua kwa hakika mwili umekula nishati kiasi gani. Wengine waliangalia ngozi, ikiwa nyekundu wakasema dozi imefika. Wengine walitumia rontgeni, kipimo kinachohesabu chaji ambayo mionzi inazalisha kwenye hewa. Hewa sawa, lakini mgonjwa si hewa. Swali lilikuwa utajuaje nishati iliyoingia ndani ya nyama, ambako huwezi kuchomeka kipimajoto?

Jibu la Gray lilikuwa la akili na la kawaida kwa wakati mmoja. Weka kitundu kidogo chenye gesi ndani ya kitu unachotaka kukipima. Kiwe kidogo kiasi kwamba elektroni zinazorushwa na mionzi zipite kana kwamba hakipo. Pima chaji kwenye ile gesi, fanya hesabu ya uwiano, utapata nishati iliyomezwa na kile kilichoizunguka. Ni kama kuonja mchuzi kwa ncha ya kijiko: huhitaji kunywa sufuria nzima ili ujue chumvi imekolea, mradi kijiko chenyewe kisibadilishe ladha. William Bragg alishaligusa wazo hili mwaka 1912, Gray akalifikia kwa njia yake na kulitengenezea hesabu kamili, kwa hiyo vitabu vinaliita kanuni ya Bragg na Gray. Mashine za tiba ya mionzi zinasahihishwa kwa misingi hiyo mpaka leo.

Mtu mwingine angeishia hapo, akapata cheo, akawa anaalikwa kwenye makongamano. Lakini ukishajua kupima nishati iliyoingia, swali linalofuata si la fizikia tena. Mbona nishati ileile inaua seli hii na kuiacha ile? Gray akaanza kujifunza biolojia akiwa mtu mzima. Kwa bajeti finyu yeye na mwenzake John Read walijenga mashine ya kuzalisha nyutroni palepale hospitali, wakawa wanamulika mizizi ya maharage, yale makubwa ya Ulaya yanayoitwa vicia faba, kisha wanapima imekua kiasi gani. Mhitimu wa Cavendish anakaa na rula na mizizi ya maharage! Nikiwa mwaka wa kwanza ningecheka. Ila mzizi wa maharage una seli zinazogawanyika haraka, ni wa bei rahisi, na haulalamiki.

Mwaka 1946 alihamia Hospitali ya Hammersmith, kwenye kitengo cha utafiti wa tiba ya mionzi cha serikali. Kitengo hichohicho ndicho ambacho Alma Howard na Stephen Pelc, nao kwa mizizi ya maharage, walikigawa kipindi cha maisha ya seli katika zile hatua za G1, S na G2 ambazo watu wa baiolojia mlizikariri kidato cha sita huku mnasinzia. Jambo lililomkaa Gray kichwani lilikuwa oksijeni. Si yeye aliyeliona wa kwanza. Mwanzoni mwa karne daktari mmoja wa Vienna, Gottwald Schwarz, aliona kwamba ngozi ikibanwa mpaka damu isipite, mionzi haiiunguzi sana. Mount Vernon nako, J. C. Mottram alikuwa amelifuatilia. Watu walisoma, wakasema inavutia, wakaendelea na mambo yao.

Gray hakuendelea na mambo yake. Yeye na wenzake walipima na kuipa namba: seli isiyo na oksijeni inahitaji dozi karibu mara tatu ili ife kama seli yenye oksijeni. Tatu! Sababu yake ni ya kikemia. Mionzi ikipita kwenye seli inavunja molekuli na kuacha vipande vyenye hasira, radikali huru, ambavyo vinashambulia DNA. Oksijeni ikiwepo inajibandika kwenye lile jeraha na kulifanya la kudumu. Isipokuwepo, seli ina kemikali zake za kulirudisha kama lilivyokuwa. Chukulia oksijeni kuwa mhuri wa ofisi. Barua imeandikwa, lakini kabla haijagongwa mhuri bado mtu anaweza kuichana.

Mwaka 1953 waliandika makala katika jarida la Kiingereza la radiolojia wakisema kwamba kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye uvimbe wakati unamulikwa kinaweza kuamua kama tiba itafaulu. Mwaka huohuo Gray alikuwa ametofautiana na uongozi wa kitengo kuhusu mwelekeo wa utafiti, akalazimika kuondoka Hammersmith. Umri miaka 47, jina kubwa, hana maabara. Shirika la hisani la kupambana na saratani la Uingereza ndilo lililomwokoa, likampa fedha aanzishe kitengo kipya kulekule Mount Vernon alikotoka. Maabara ikafunguliwa rasmi mwaka 1957.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote alishaitoa mwaka 1955, pamoja na daktari Robin Thomlinson. Haina mashine yoyote kubwa. Walichukua vipande vya saratani ya mapafu ya binadamu, wakaviweka chini ya hadubini, wakapima kwa mikroni. Seli za saratani zilikuwa zimejipanga kama kamba nene, mishipa ya damu ikiwa pembezoni. Kamba nyembamba, zenye nusu kipenyo chini ya mikroni 160 hivi, zilikuwa hai mpaka katikati. Zilizozidi mikroni 200 zote zilikuwa na moyo uliokufa. Wakakaa chini wakapiga hesabu oksijeni inaweza kusafiri umbali gani kutoka kwenye mshipa kabla seli za njiani hazijaimaliza. Jibu likaja kama mikroni 150. Huo ni unene wa nywele mbili tu zikilazwa pamoja.

Sasa fikiria vizuri. Seli zilizokufa katikati si tatizo, zimekufa. Zilizo karibu na damu zinapumua, mionzi itazimaliza. Tatizo ni zile za mpakani, ambazo hewa inazifikia kwa taabu, zipo hai lakini zinajikongoja. Hizo ndizo zinazohimili mionzi, na siku wenzao wa mbele wakishafagiwa, damu inazifikia, zinapumua, zinaanza upya.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, ingawa kwa kweli si nje. Mjomba wangu alikuwa seremala. Sauti yake ilianza kukwaruza, tukasema vumbi la mbao, halafu tukasema sigara, mwisho ikajulikana ni saratani ya zoloto. Akapelekwa kwenye mionzi. Kwenye benchi la kusubiri alizoeana na mzee mmoja mchuuzi wa samaki, mwenye saratani palepale kwenye zoloto, hatua ileile, na kadi zao zilisomeka sawasawa: grei 70, mara 35, grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba. Walikuwa wanataniana kwamba wao ni pacha. Yule mzee yupo. Sauti imekuwa nzito lakini mnadani inasikika. Uvimbe wa mjomba ulirudi kabla ya mwaka na nusu, na tulimzika kabla sijamaliza kidato cha sita.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Sigara. Mkono wa mtu. Amri ya Mungu. Mimi nilichotaka kujua ni kwa nini namba zilezile kwenye kadi zilitoa majibu mawili, na hakuna aliyenijibu mpaka nilipokutana na Gray kwenye kitabu cha fizikia ya tiba, kwenye kona ya maktaba ambako hakuna hata soketi. Siwezi kusema seli za mjomba zilikosa hewa. Hakuna aliyepima, na si hapa kwetu tu, sehemu kubwa ya dunia haipimi. Yawezekana sababu ilikuwa nyingine kabisa. Lakini sasa najua kwamba swali langu lina jina, na lina miaka zaidi ya sabini.

Turudi kwa mzee. Madaktari walimsikia haraka kuliko ilivyo kawaida kwa madaktari kumsikia mwanafizikia. Katika Hospitali ya St Thomas' London, kuanzia miaka ya 1950, Churchill-Davidson aliwalaza wagonjwa ndani ya tangi lililofungwa, akalijaza oksijeni yenye shinikizo la angahewa tatu, akawamulika wakiwa humo. Ilikuwa tiba nzito. Tangi linatisha, mgonjwa anaweza kupata degedege, na kila kikao kinakula saa. Hata hivyo kwa saratani za kichwa na shingo baadhi ya majaribio yalionyesha faida ya kweli. Kilichoua njia ile ni usumbufu, pamoja na kugundulika kwamba kuigawa dozi katika vipande vidogovidogo kwa wiki nyingi kunazipa seli zile za mpakani nafasi ya kupata hewa katikati ya kipande na kipande. Zile siku 35 za mjomba zilikuwa na sababu.

Gray mwenyewe hakuona mengi ya yaliyofuata. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1961, akafariki tarehe 9 Julai 1965 akiwa na miaka 59. Mwaka 1975 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ukaidhinisha grei. Maabara yake ikapewa jina lake, na baadaye kazi yake ikahamia Oxford.

Kuna kitu kinachonichekesha katika heshima hiyo, cheko la uchungu kidogo. Mtu alitumia nusu ya maisha yake kutuonyesha kwamba nishati iliyomezwa haitoshi kukwambia seli itafanya nini. Tukachukua jina lake tukalipa nishati iliyomezwa.

Waliolibeba swali lake mbali zaidi ni Wadenmaki. Wao waliacha habari za tangi wakatafuta dawa inayoweza kuigiza kazi ya oksijeni ndani ya seli. Ya kwanza waliyoijaribu watu wengi duniani, misonidazoli, iliharibu neva za mikono na miguu. Wakahamia nimorazoli, ambayo mwili unaivumilia. Katika jaribio lao la saratani za koo na zoloto, matokeo yakachapishwa 1998, baada ya miaka mitano uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 49 ya waliopewa dawa na mionzi, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa mionzi na vidonge vitupu. Denmark ikaifanya tiba ya kawaida. Baadaye wakatengeneza orodha ya jeni 15 ambazo seli inaziwasha inapokosa hewa, ili kutoka kwenye kipande kidogo cha uvimbe ujue mgonjwa yupi anaihitaji dawa na yupi unamsumbua bure.

Ingekuwa hadithi ningesema wakafaulu, wakala raha mustarehe. Sayansi haiko hivyo. Waingereza, nchi ya Gray mwenyewe, walijaribu nimorazoli kwa wagonjwa wasioweza kuhimili dawa kali za saratani, hawakuona faida, hata kwa wale ambao jeni zao zilionyesha ukosefu wa oksijeni. Wala kumwongezea damu mgonjwa mwenye upungufu wa damu hakukuleta kile kilichotarajiwa, ingawa upungufu wenyewe ni dalili mbaya. Kinachojulikana vizuri ni kwamba anayeendelea kuvuta sigara wakati wa tiba hufanya vibaya zaidi, na sehemu ya sababu huenda ni moshi: kaboni monoksidi inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mjomba alikuwa anavuta nyuma ya jengo, akidhani mke wake haoni.

Na kuna upande wa pili ambao Gray hakuuwaza kabisa. Baadhi ya saratani za nyuma ya koo zinaletwa na HPV, kirusi kilekile ambacho dada zetu wanachanjwa shuleni, na hizo zinaisikia mionzi kirahisi. New York, katika kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, waliwachukua wagonjwa wa aina hiyo, wakapiga picha ya PET kwa kemikali inayong'ara mahali pasipo na hewa, wakirudia tiba ilipoanza. Ambao uvimbe wao ulionekana unapumua walipewa grei 30 badala ya 70, pamoja na dawa. Wengi wao walikaa salama. Kwa aliyewahi kumwona mtu wa grei 70, mdomo umekauka, hawezi kumeza hata uji, ladha imepotea miezi mingi, tofauti ya grei 40 si jambo la kitaaluma tu. Ila hiyo ni tiba ya utafiti, ya kituo chenye kila kitu, na kwa saratani ya kirusi. Saratani ya sigara kama ya mjomba hairuhusu kupunguziwa namna hiyo.

Hatuna kemikali ile ya PET mezani kwetu, na kupima jeni 15 kwa kila mgonjwa ni ndoto ya bajeti. Lakini hemoglobini inapimwa kila mahali, kwa bei ya soda mbili tatu. Siku ambazo mgonjwa hakuja kwenye mionzi zimeandikwa kwenye faili. Kama anavuta au la, kimeandikwa. Msimamizi wangu wa mradi wa mwaka wa mwisho alitaka nifanye jambo la nyaya za jua, kwa sababu vifaa vipo. Nimemwomba niangalie mafaili ya zamani ya wagonjwa wa kichwa na shingo, nione kama hayo matatu yanatofautisha waliorudiwa na wasiorudiwa. Amenitazama, akaniuliza kama najua kwamba mtu wa fizikia hatakiwi kuhangaika na damu. Nikamsimulia habari za maharage. Amesema nilete kwanza kibali cha kamati ya maadili, kwa hiyo wiki hii nipo kwenye kujaza fomu.